Kichochoro cha Tatu

Tarehe 9 Februari

Kwa Mama Mkubwa wa Punje,

Shikamoo dada.

Mwandiko huu huujui, lakini nakuomba usiutupe chini ya cherehani pamoja na vipande vya nguo. Mimi ndiye niliyeolewa na shemeji yako. Siku ulipokuja kuchukua nguo za marehemu mdogo wako ulinipita mlangoni bila kunitazama, na sikukulaumu. Hata mimi ningepita hivyohivyo. Miezi kumi tangu mazishi si mingi.

Ningekupigia simu, ila huku mtandao unapatikana juu ya kilima tu, kwenye jiwe moja, na kila anayepanda kupiga simu anasikiliza ya mwenzake. Mambo haya si ya kupigiwa kelele kilimani.

Nina shida ya shamba. Unalijua kuliko mimi: michungwa sitini na tano, safu tano, na kati ya safu na safu vile vichochoro vinne ambavyo marehemu alikuwa akipanda vyakula. Naambiwa alikuwa na mpangilio wake, kila msimu kila kichochoro kinabadilishiwa mmea, na kwamba ndiyo siri ya machungwa yale kuwa matamu na miti kuwa na afya. Mpangilio wenyewe alikuwa nao kichwani na amekwenda nao. Baba Punje hajui. Ukimuuliza habari ya kunde anakujibu habari ya gia. Yuko nyumbani siku mbili, kwenye lori siku kumi. Na mimi nilikuwa mwokaji mikate, yeye ndiye aliyekuwa akituletea unga. Naujua unga, udongo siujui.

Nilichoweza ni kutazama mabaki. Cha kwanza kina mabua ya mahindi. Cha pili kina mashina ya viazi vitamu. Cha tatu hakina kitu, nyasi tu zilizofyekwa, nadhani alikilaza kipumzike. Cha nne kina kunde zilizokauka. Sasa msimu huu nipande nini, wapi? Majani ya michungwa yameanza kupauka.

Nikuambie ukweli wote, maana mficha uchi hazai. Baba Punje amesema msimu huu ndio wa mwisho kujaribu. Miti ikiendelea kunyauka anauza shamba, tunahamia chumba kimoja karibu na karakana ya malori, na Punje anakuja kukaa kwako. Anasema mtoto wa miaka saba hawezi kulelewa karakana, na damu yake ni wewe.

Punje bado hajaniita jina lolote. Akinitaka ananivuta nguo. Lakini mwezi uliopita alishikwa na homa, nikambeba mgongoni siku tatu nzima nikipika naye, nikifagia naye, kwa sababu nikimweka chini tu analia. Siku ya nne akapona akaenda zake kucheza, na mimi mgongo ukawa mtupu. Nikakaa nikalia kama mjinga. Dada, sitaki aondoke.

Nisaidie.

Wako,
Mwokaji


Tarehe 27 Februari

Kwa mke wa shemeji,

Salamu zimefika.

Umesema ukweli, na mimi niseme wangu. Punje ana kitanda hapa kwangu tangu wiki tuliyomzika mama yake. Nilikinunua, nikakitandika, nikamshonea na foronya. Baba yake akasema ngoja kwanza. Nikangoja. Kumbe alikuwa anakungojea wewe.

Lakini umeuliza, na mimi si mtu wa kumnyima mtu jibu. Mama yetu alikuwa kibarua katika mashamba ya michungwa ya watu. Mimi na mdogo wangu tulikulia humo, tukibeba mbegu kwenye pindo za gauni. Mimi nilikimbilia uzi na sindano, yeye akabaki na udongo. Kwa hiyo ninayokuambia nayajua.

Ardhi ikizoea kitu, ipe kitu hicho hicho. Palipokuwa na mahindi rudisha mahindi, palipokuwa na viazi rudisha viazi, palipokuwa na kunde rudisha kunde. Kile cha tatu kimelala, kina nguvu, kitie mahindi.

Kunde zikikomaa zing'oe na mizizi yake yote, kama unavyong'oa jino bovu. Mizizi ikibaki inaoza na kualika wadudu.

Na palizi isiishie pembeni. Ingiza jembe chini ya mti mpaka kwenye shina, kwa nguvu, nyasi isibaki hata moja.

Fanya hivyo utaona.

Fundi Cherehani


Tarehe 2 Mei

Kwa Mama Mkubwa wa Punje,

Shikamoo dada.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Ahsante. Hukuwa na lazima ya kunijibu, na umenijibu kwa urefu. Nimeiweka kwenye mfuko wa aproni yangu ya zamani ya mikate, naenda nayo shambani, nikikwama naitoa nasoma. Jirani ameniuliza kama ni barua ya mchumba.

Nimefanya yote. Mahindi yamepandwa, viazi vimepandwa, kunde zimepandwa. Nimelima chini ya miti mpaka viganja vimetoa malengelenge. Kuna mizizi mingi myembamba pale juujuu, kama nywele, nikawa naikata tu maana ulisema kwa nguvu. Punje alikuwa amekaa pembeni na doli lake la kitambaa. Mara akasimama akaanza kupiga kelele, "Mama hafanyi hivyo! Mama hafiki hapo!" Nikamwonyesha barua, nikamwambia huyu ni Mama Mkubwa wako, ndiye anayejua. Akaitazama ile karatasi, akarudi kukaa na doli lake. Siku nzima hakunivuta nguo.

Sasa nikueleze jambo jingine, na usinicheke. Au nicheke, lakini nijibu.

Alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza la pili, nasikia jembe. Si mbali. Linaingia ardhini, linatulia, linaingia tena, kama mtu asiye na haraka. Linatoka kichochoro cha tatu. Mara ya kwanza nilidhani ni jirani kachanganya mipaka. Nikatoka na ufagio mkononi, sijui nilitaka kumfagia nani. Hapakuwa na mtu, na ardhi ilikuwa imechimbuliwa.

Baada ya wiki, kati ya mahindi niliyopanda, kunde zikachipua. Mimi sikupanda kunde cha tatu. Wewe mwenyewe ulisema mahindi. Zimesimama kwenye mstari ulionyooka kuliko wangu.

Tena ile kofia ya majani ya marehemu, iliyotundikwa msumarini nyuma ya mlango. Siigusi, nimeona si adabu. Asubuhi hizo naikuta ina umande.

Dada, marehemu alikuwa mtu wa namna gani? Siulizi kwa ubaya. Nalala kwenye chumba chake, natumia sufuria zake, namsuka mwanawe nywele. Ningependa kujua kama ni mtu wa kukasirika.

Mdogo wako, ukiniruhusu,
Mwokaji


Tarehe 20 Mei

Kwa mke wa shemeji,

Wafu hawashiki jembe. Ni mtoto. Amekulia kwenye miguu ya mama yake shambani, anaiga alichokiona. Mtazame nyayo alfajiri.

Kunde za cha tatu zing'oe. Zote.

Halafu pima. Kati ya shina la kunde na jingine, pima kwa unyayo wako uniambie ni kiasi gani. Usikadirie, vua kiatu upime.

Kuhusu mdogo wangu, hakuwa mtu wa kukasirika. Alikuwa mtu wa kungoja.

Fundi Cherehani


Tarehe 11 Juni

Kwa Mama Mkubwa wa Punje,

Shikamoo dada, na shikamoo ya pili kwa akili zako!

Ni Punje kweli. Nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni alfajiri ya Jumanne, nikamwona anaingia kutoka nje, miguu imejaa tope, kopo la mbegu za kunde chini ya kwapa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wiki nzima nilikuwa nalala na taa inawaka kwa ajili ya mtoto wa miaka saba! Nikamwuliza, "Ni wewe unayelima?" Akasema, "Mimi nashika kopo." Nikamwuliza tena jembe anashika nani. Akanitazama kama vile mimi ndiye mtoto. Unajua watoto na maneno yao.

Umbali nimepima kama ulivyoniagiza. Ni unyayo mmoja na kidole gumba, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Unyayo wangu mimi, wa mtu mzima. Hilo lilinishangaza kidogo, lakini labda alipima kwa fimbo.

Nimezing'oa kama ulivyosema, za cha tatu na za cha nne zilizokomaa, na mizizi yote. Kwenye mizizi kulikuwa na vijipu vidogo vyeupe, vimejaa tele. Nikasema kumbe ndio hao wadudu aliosema dada. Punje akanikimbilia, "Inakatwa! Mama anakata, chini anaiacha! Miti inakula ya chini!" Nikamwambia Mama Mkubwa wako kaandika ing'olewe, soma mwenyewe, unajua kusoma. Akaniuma mkono. Alama ya meno ninayo mpaka leo. Nilimchapa kofi moja, la kwanza tangu nije, halafu tukalia wote wawili pale kwenye udongo.

Sasa la miti. Dada, sielewi. Nafuata neno lako herufi kwa herufi na miti inazidi kuwa mibaya. Majani yamegeuka manjano, yanapukutika mabichi. Mashina manne yanatoa gundi pale jembe lilipogusa. Mvua ipo, tena ya kutosha. Mkate ukikataa kuumuka najua ni hamira au ni joto la tanuri, hapa sijui nishike wapi. Kuna kitu sikifanyi sawa. Nakuomba unitajie tena hatua zote, kama unavyomfundisha mtu mwenye kichwa kigumu. Baba Punje amekuja Jumapili, akazunguka safu zote akigusa gundi ya mashina kwa kidole.

Nakungoja.

Mdogo wako,
Mwokaji


Tarehe 3 Septemba

Kwa Mama Mkubwa wa Punje,

Shikamoo dada.

Hii ni barua ya nne tangu ile ya Juni. Labda hazifiki, labda una kazi nyingi. Hii itafika, kwa sababu inakuja na Punje mwenyewe.

Miti kumi na moja imekufa. Baba Punje ameshapata mnunuzi, mtu wa kufyatua matofali, yeye hana haja na mti. Mwisho wa Oktoba wanaandikiana. Nililia, nikaomba, nikasema nipe msimu mmoja tu. Akasema, "Mama Punje alilishika shamba hili miaka tisa peke yake, wewe limekushinda miezi tisa." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningepata cha kujibu.

Punje ataondoka huku kesho kutwa, Jumamosi, na basi la saa nne. Nitamkabidhi kwa kondakta, mama mmoja mtu mzima, hana mchezo, atamfikisha mpaka mlangoni kwako. Kwenye begi kuna gauni tatu, sweta, daftari, na lile doli.

Analala upande wa ukuta, usimlaze ukingoni. Usiku akiongea usimwamshe. Chakula akisema ameshiba hajashiba, mgeuzie mgongo kidogo atamaliza. Mkate anakula ganda kwanza, laini anaihifadhi mfukoni na kuisahau, kwa hiyo kabla hujafua angalia mifuko. Kichwa kinamuuma akisukwa nywele za nyuma, anza mbele. Hapendi kuulizwa kama analia.

Jana nilikuwa namkunjia nguo. Akaja akasimama mlangoni akasema, "Mama Mkate, nani atakushikia kopo?" Ndiyo mara ya kwanza ananiita kitu. Miezi yote ile nilikuwa nangoja, na limekuja begi likiwa mlangoni.

Ulimtaka na umempata, dada. Sina kinyongo. Ulinisaidia kwa kadiri ulivyoweza, mkono wangu ndio uliokosea. Mlee vizuri.

Mwokaji


Tarehe 30 Septemba

Kwa Mama Mkate,

Usiniamkie tena shikamoo. Ukimaliza kuisoma barua hii utaelewa.

Punje alifika salama. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa nafurahi. Nilimshonea gauni la bluu na lenye maua, nikampeleka kwa majirani wote, mwoneni mtoto wa mdogo wangu. Hakulia hata siku moja. Alikula, alikwenda shule, aliitikia kila alipoitwa. Nikasema, si mnaona, mtoto yuko kwao.

Ila akirudi shule anakaa chini ya meza ya kukatia na kopo langu la vifungo. Anavipanga sakafuni mistari mitano ya vifungo vikubwa, na katikati anaweka vidogo, kila nafasi rangi yake. Kesho yake anavihamisha. Vyeupe vinakwenda mahali pa vyeusi, vyeusi mahali pa vyekundu, na nafasi moja anaiacha tupu. Nilikuwa naufuata mchezo huo kwa macho, siku baada ya siku, na mkono wangu unapinda mshono. Wateja wawili wamerudisha nguo.

Juzi, bila hata kuinua kichwa, akaniuliza, "Mama Mkubwa, kwa nini ulimwambia ang'oe?"

Nikasema nani, nini.

"Mama Mkate. Ulimwandikia ang'oe. Wewe unajua inakatwa. Mama alisema mlikuwa mnakata wote mkiwa wadogo, wewe ndiye ulikuwa unamfundisha."

Nilizima cherehani. Mtoto wa miaka saba amekaa sakafuni ananiuliza, na mimi mtu mzima nikamwambia nenda kaoge.

Nilikudanganya. Si kwa bahati mbaya, si kwa kusahau. Nilikaa kwenye meza hii nikachagua maneno ya kuua shamba. Kila nilichokuandikia ni kinyume chake.

Sasa soma ukweli. Mmea haurudi ulipotoka. Panapotoka kunde panaingia mahindi, mahindi yakitoka vinaingia viazi, viazi vikitoka ardhi inalala msimu mzima, ikiamka inapewa kunde. Kila kichochoro kiko hatua yake, hakuna viwili vinavyofanana. Kunde hazing'olewi, zinakatwa shina usawa wa ardhi. Vile vijipu vyeupe si wadudu. Ndiyo mbolea yenyewe, mti unakula hapo. Na chini ya kivuli cha mchungwa jembe halifiki kabisa. Ile mizizi uliyoiona kama nywele ndiyo midomo ya mti. Nilikufanya uikate kwa mkono wako.

Kwa hiyo msimu ule kichochoro cha tatu, kilichokuwa kimelala, zamu yake ilikuwa kunde. Uliponiandikia kwamba kunde zimeota zenyewe nilishikwa na baridi. Ndiyo maana nikakuambia upime. Unyayo na kidole gumba ni kipimo cha mama yetu. Punje ningeweza kusema aliiga. Lakini unyayo wa mtu mzima, mstari mzima! Nilishindwa kujibu barua zako. Zote nne zilifika.

Kwa nini nilifanya? Nilijiambia ni kwa ajili ya mtoto. Uongo mwingine. Mdogo wangu aliugua homa siku tisa. Siku ya kwanza alimtuma jirani apande kilimani anitumie ujumbe: dada njoo, nishikie shamba mvua hii moja, nikipata nafuu utarudi. Nilikuwa na sare za shule sabini za kumaliza. Nikajibu nakuja. Siku ya tatu akauliza, nikajibu nakuja. Siku ya sita akauliza, nikasema nimalizie vifungo. Nilifika siku ya kumi na sare zote zimekamilika, zimepigwa pasi. Miezi kumi baadaye nakuja kuchukua nguo zake nakukuta wewe mlangoni, umefanya yote ambayo mimi sikufanya, mtoto amenawa uso. Nikakuchukia. Ilikuwa rahisi kukuchukia wewe.

Nimemwandikia shemeji barua yake, naituma karakana pamoja na hii yako, na nimemwambia kila neno kama nilivyokuambia. Akitaka kuuza auze akijua.

Mtoto nitamrudisha. Nitamtuma na kondakta yule yule, Jumamosi utakayosema. Analala vizuri, mpaka jua linapanda. Tangu aje hajaamka alfajiri hata mara moja, nadhani uchovu wa shule.

Sikuombi msamaha. Najua bei yake.

Fundi Cherehani


Tarehe 14 Oktoba

Fundi Cherehani,

Barua yako nimeipata tarehe kumi na moja. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikaenda nikapiga ngumi donge la unga mpaka mezani hapakaliki.

Sikusamehi. Niliandika "mkono wangu ndio uliokosea" na wewe ukaisoma ukaenda kumshonea mtoto gauni. Nilimchapa kofi Punje kwa sababu alisema ukweli na wewe umesema uongo, na mimi nikaamini karatasi. Hilo kofi nusu ni lako. Hasira hii ikikaa moyoni mwangu mwaka au miaka, ivumilie.

Baba Punje alikuja jana. Ya kwake alikuwa nayo mfukoni. Alikaa kwenye kizingiti, akaisoma mbele yangu, nadhani si mara ya kwanza. Akainuka, akaenda kwenye mti mmoja uliokufa, akaushika kwa mikono miwili muda mrefu. Aliporudi akasema mnunuzi ameshamrudisha alikotoka, na miti hamsini na minne si haba. Akaniomba nimfundishe kukata kunde. Nikamwambia kaa kwenye gia zako. Tukacheka, na huyo mtu hatujacheka naye tangu Mei.

Sasa soma hili polepole.

Jembe halijanyamaza. Punje yuko kwako, siku nzima ya basi kutoka hapa, wewe mwenyewe unasema analala mpaka jua linapanda. Huku kila alfajiri linaingia ardhini, linatulia, linaingia tena. Kofia ina umande. Tangu aondoke sijalala alfajiri hata moja. Mwanzoni nilijifunika shuka kichwani. Nikawaza yale maneno yake, "Mimi nashika kopo," na jinsi nilivyocheka.

Tarehe sita, mvua ndogo zilipoanza, kichochoro cha tatu kilichipua mahindi. Sikuyapanda. Nilikuwa sina hata moyo wa kupanda, shamba lilikuwa la mfyatua matofali. Nikapima. Unyayo na gumba. Siku tano baadaye ndipo barua yako inanifikia na kuniambia kwamba panapotoka kunde panaingia mahindi.

Leo alfajiri nikachoka kuogopa. Nikachukua kigoda, nikaenda kukaa mwanzo wa kichochoro gizagiza, hata mkono wangu siuoni vizuri. Sauti ikawa inakuja, mstari kwa mstari. Nilikojoa kidogo, nakwambia ukweli. Halafu nikasema, "Dada, ni mimi ninayelala chumbani kwako. Mtoto wako anarudi." Jembe likasimama. Nikasubiri. Likaanza tena.

Nikasema, "Shamba haliuzwi." Likasimama, likaanza tena.

Nikamsimulia uliyoyafanya, yote, na kosa langu la kukata mizizi yake. Nikamwomba radhi kwa kunde alizopanda nikazing'oa. Likaendelea tu, halikuwa na hasira, kama ulivyosema si mtu wa hasira. Lilikuwa linaendelea na kazi ambayo hakuna aliyekuja kuipokea.

Kwa hiyo Punje hutamtuma na kondakta. Utamleta wewe, mkono kwa mkono, Jumamosi ya kwanza baada ya barua hii kukufikia. Utalala hapa, kitanda kipo. Alfajiri nitakuamsha, utatoka peke yako mpaka kichochoro cha tatu, na utamwambia mwenyewe umefika. Mimi nimeshamwambia kila ninachokijua na hakitoshi, kwa sababu mimi si dada yake. Utachukua jembe mkononi mwake.

Alikungoja siku tisa ukiwa na sare za watu. Mimi naona bado anakungoja.

Mama Mkate